Siku ya Kusomewa

Idara ya Hisabati ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote, na kwa hiyo hakuna aliyejua pa kuifutia. Iliitwa kusomewa. Kila muhula ulipokwisha na mitihani ikasahihishwa, wahadhiri wote kumi na mmoja walikaa kuizunguka meza ndefu, Mkuu wa Idara akavaa miwani yake, akasoma jina la somo, mwalimu wake, na asilimia ya waliofeli. Akishamaliza orodha, yule mwenye asilimia kubwa kuliko wenzake alisimama na kujieleza. Wengine waliitazama meza. Kama kuna fanicha iliyowahi kutazamwa vizuri duniani, ni meza ile.

Muhula ule aliyesimama alikuwa Dokta Mdogo. Waliompa jina hilo hawakuwa na ubaya: alikuwa mfupi, alikuwa mgeni, na idara ilikuwa tayari na dokta mwingine, mrefu kama ngazi, aliyefundisha Aljebra. Yeye alifundisha Takwimu kwa mwaka wa kwanza. Waliofeli kwake walikuwa asilimia sitini na moja.

"Sitini na moja," Mkuu alirudia, kana kwamba mara ya kwanza haikuuma vya kutosha. "Tueleze, Dokta."

Akaeleza. Wanafunzi mia tatu na arobaini katika ukumbi wa viti mia mbili. Kipaza sauti kilichokufa kabla yeye hajaajiriwa. Wanaokaa sakafuni, wanaosimama nje na kusikilizia dirishani. Alipofika kwenye dirisha akakatiza ili asilie mbele za watu. Hakuna aliyesema neno. Kimya kile kilimuumiza kuliko asilimia yenyewe, maana kati ya wale waliokaa pale walikuwemo watatu waliowahi kufundisha somo hilohilo, katika ukumbi huohuo, na madirisha yale waliyajua.

"Tumesikia," alisema Mkuu. "Nikukumbushe tu kwamba muda wako wa majaribio unakwisha muhula ujao. Idara itakuthibitisha kazini au itaagana nawe kwa wema. Agenda inayofuata."

Dokta Mdogo alifika nyumbani uso umemshuka. Aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, mwanamke aliyekuwa na pini mdomoni muda mwingi kuliko maneno. Dada hakuinua mguu kwenye pedali.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi kula kwanza. Mtu hali shida ya kesho kwa tumbo tupu."

Dokta Mdogo hakula. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba bado begani. "Dada, labda kweli sijui kufundisha. Labda wao wanaona na wananionea haya kunambia."

Cherehani ikanyamaza. Dada alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Mimi nikishona gauni, mwenyewe akilivaa namzunguka nyuma nione linapovuta. Mbele lote huwa zuri, ila nyuma ndiko kwenye siri. Wewe nani anakuzunguka nyuma?"

"Hakuna. Kule kila mtu na mlango wake."

"Hamtazamani kazi? Watu wazima, na digrii zenu zote?" Dada alicheka, lakini si kwa dharau. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Waite waje waone."

Siku ya pili yake aliandika barua kwa Mkuu wa Idara, ukurasa mmoja, maombi matatu. Kwanza, darasa ligawanywe makundi mawili, na yeye yuko tayari kufundisha kipindi kilekile mara mbili. Pili, apewe chumba kwa ajili ya kundi la pili. Tatu, mhadhiri mzoefu, ikiwezekana Profesa wa Kalkulasi, aje akae darasani kwake na kumwambia makosa yake. Siku mbili baadaye barua ilirudi. Pembeni palipigwa mhuri wa bluu, IMEONEKANA, na chini yake sahihi ya Mkuu, ndefu na yenye mkia.

Hapa ndipo kosa lilipotendeka, na ni kosa ambalo angeweza kulifanya mgeni tu. Kabla ya kupata shahada yake ya uzamivu, Dokta Mdogo alifundisha sekondari, na mwalimu mkuu wa huko akiandika "imeonekana" alimaanisha sawa, endelea. Katika Idara ya Hisabati neno hilo lilikuwa na maana nyingine kabisa, na kila mtu aliijua. Barua ya paa linalovuja ilikuwa imeonekana mara nne, na paa likaendelea kuvuja. Ombi la kipaza sauti lilikuwa limeonekana hadi aliyeliomba akastaafu. Lakini nani angemwambia? Kule watu hawakuambiana hata kwamba chaki zimekwisha.

Basi akaishika barua yake kwa mikono miwili, moyo umemjaa, akaenda moja kwa moja kwa Profesa Kufuli.

Huyo ndiye Profesa wa Kalkulasi. Jina la utani lilitokana na kufuli mbili za mlango wake, na miaka ishirini na saba ya kufundisha bila mtu yeyote kuona hata ukurasa mmoja wa maandalizi yake.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kama ni kuazima kitabu, sina."

"Si kitabu. Barua yangu imepitishwa. Jumanne saa mbili unakuja kukaa darasani kwangu."

Profesa alivua miwani, akaipokea barua, akaisoma polepole, akaurudia mhuri. Bila shaka aliujua. Lakini alirudi tena juu, kwenye mstari uliosema "ikiwezekana Profesa wa Kalkulasi", akakaa nao muda. Kwa miaka mingi idara haikumwomba kitu chochote isipokuwa alama za wanafunzi kabla ya Ijumaa.

"Saa mbili kamili?" aliuliza.

"Kamili."

"Nitakuja. Usinitambulishe kwao."

Alikuja, akakaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, daftari mapajani. Baada ya kipindi alimngoja atoke, wakatembea pamoja hadi kwenye ngazi.

"Binti, unajua umemfundisha nani leo?"

"Wanafunzi."

"Ubao. Dakika hamsini umetupa mgongo sisi sote. Ubao umeelewa vizuri sana, nadhani utapata A." Alifungua daftari. "Halafu unauliza, 'tuko pamoja?' Wanaitikia ndiyo. Aliyekaa ubavuni pangu ameitikia ndiyo mara sita huku anakula karanga, na hajaandika mstari. Usiulize swali ambalo jibu lake ni ndiyo. Na ukifika kwenye wastani unakimbia. Unakimbia kwa nini? Umeogopa nini pale?"

Dokta Mdogo alikasirika hadi Jumatano mchana. Aliona amevuliwa nguo na mzee aliyejifungia miaka ishirini na saba, na akajiambia hamwiti tena. Kisha, akiwa anasahihisha zoezi, akaona kwamba kweli pale kwenye wastani ndipo wote walipopotelea, kurasa mia na zaidi, kosa lilelile. Akajikaza kisabuni. Akamwandikia Profesa kikaratasi, akakipenyeza chini ya mlango wenye kufuli mbili: "Njoo na Jumanne ijayo."

Chumba cha kundi la pili alikipata kwa katibu muhtasi wa idara, aliyeitwa Mama Mhuri kwa sababu mhuri ule ulikaa mezani kwake. Kulikuwa na chumba ghorofa ya pili kilichojaa viti vibovu. Mama Mhuri aliitazama barua, akamtazama mwenye barua, na kama alitaka kusema kitu alikimeza.

"Mhuri ni mhuri," alisema, akampa ufunguo.

Wanafunzi wenyewe walivipanga viti. Vilivyopona vilitosha watu mia na hamsini na kitu. Alhamisi saa nane kundi la pili likaanza, na kwa mara ya kwanza Dokta Mdogo alifundisha watu ambao aliona macho yao. Kazi ikawa maradufu. Sauti ilimkauka, miguu ikavimba, dada akamkanda kwa maji ya moto na kumsema kwa wakati mmoja. Lakini aliachana na "tuko pamoja". Alipouliza sasa aliuliza, "wewe ungeanzia wapi?" na akangoja, hata kama kungoja kulimtoa jasho.

Profesa alikuja kila wiki. Siku moja Dokta wa Aljebra alipita koridoni, akamwona mzee amekaa nyuma na daftari, akasimama mlangoni kwa robo saa nzima akidhani kuna mtu kafa. Juma lililofuata akaingia, akakaa. Lakini Dokta Mdogo alipoomba yeye naye akakae darasani kwa Profesa siku moja, mzee aligeuka jiwe.

"Mimi sina majaribio," alisema.

Hakusema zaidi hadi wiki ya nane, walipokuwa wakishuka ngazi. "Natoa mtihani uleule mwaka wa kumi na moja," alisema, kama mtu anayetema mfupa. "Wanarithishana karatasi. Wanafaulu wote, na hakuna anayejua kitu. Nimekaa kwako nikaona mtu anayehangaika kweli, nikaona haya. Muhula huu natunga mpya."

"Watafeli, Profesa."

"Najua watafeli. Mimi ndiye mwalimu wa hisabati hapa."

Wiki ya tisa habari zikamfikia Mkuu, kwa sababu ofisi yake ilikuwa chini ya kile chumba na viti vilikwaruza sakafu. Akamwita Dokta Mdogo.

"Nani kakuruhusu kuligawa darasa?"

"Wewe, Mkuu." Akatoa barua.

Mkuu aliisoma yote, na kwa jinsi alivyoisoma ilionekana wazi kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. "Hapa nimeandika imeonekana."

"Ndiyo."

"Imeonekana maana yake nimeiona!"

"Na ukishaiona?"

"Basi. Nimeiona."

Dokta Mdogo alihisi damu ikimpanda usoni. Wiki tisa alikuwa akitembea kifua mbele na ruhusa ambayo haikuwepo, na jengo zima lilijua. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona hasira, na hasira ndiyo iliyomsaidia kukaa wima.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyegundua zamani kwamba anayekubali huulizwa, anayekataa huulizwa, na anayeona haulizwi na mtu. Akasukuma karatasi mezani, kwa upole kabisa. Iliandikwa kwamba mhadhiri ametenda bila idhini, anaomba radhi, na kuanzia Jumatatu anarudisha darasa zima kwenye ukumbi. "Saini hapa, yaishe. Na kuthibitishwa kwako hakutakuwa na vikwazo."

"Ukumbini wataenea wapi?"

"Walienea muhula uliopita."

"Hawakuenea, Mkuu. Walifeli."

Akachukua kalamu. Akasaini chini ya sehemu ya radhi, maana kukosea alikosea kweli, mhuri hakuuelewa. Kisha akaikata kwa mstari mmoja mnyoofu ile sentensi ya Jumatatu.

"Utapoteza kazi," alisema Mkuu, na alisema kama mtu anayemsikitikia.

"Nimesikia, Mkuu. Saa nane nina kipindi."

Akapanda ngazi. Mlangoni alisimama, akavuta pumzi, akapiga moyo konde. Liwalo na liwe; wakimfukuza, watamfukuza wakati wale watu wanajua kutafuta wastani. Akafundisha hadi wiki ya mwisho, makundi mawili, na Mkuu hakugonga mlango wala hakutuma mtu.

Mitihani ikafanywa, ikasahihishwa. Asubuhi ya siku ya kusomewa, Mkuu alimsimamisha koridoni, akaangalia huku na huku.

"Namba zako zimefika kule juu, kwa wakubwa wa kitivo. Wamefurahi. Wameniuliza tumefanyaje." Alikohoa. "Karatasi ya kukuthibitisha nimeshaiandaa, na kanuni inataka mtu apendekezwe, basi nitakupendekeza mimi mwenyewe. Wewe leo kaa kimya tu. Umenielewa? Kimya."

Alielewa, na hana haja ya kuficha, alifurahi hadi akataka kumkumbatia. Aliingia kikaoni mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Mama Mhuri alikaa pembeni na daftari la kumbukumbu. Mkuu akavaa miwani. Aljebra, thelathini na moja. Takwimu, ishirini na mbili. Watu wawili watatu waliinua macho kwenye meza, wakayarudisha haraka. Orodha ikaendelea hadi mwisho.

"Kalkulasi," alisoma Mkuu, akasita. "Hamsini na nane."

Profesa Kufuli alisimama. Alikuwa amevaa tai, na inaelekea aliivaa kwa ajili ya kusimama.

"Miaka kumi na moja hujawahi kuvuka kumi," alisema Mkuu. "Tueleze, Profesa. Umechoka?"

"Sina maelezo."

Angeweza kusema. Angeweza kusema kwamba asilimia zile nzuri za zamani ndizo zilizokuwa za uongo, na hii ndiyo ya kwanza ya kweli. Lakini mzee ana fahari yake, na kujieleza mbele ya watu waliotazama meza kulimshinda. Vidole vyake vilishika ukingo wa meza. Dokta Mdogo aliviona, na akajua yaliyokuwa yakimpata ndani, maana yeye alishasimama palepale.

Karatasi yake ilikuwa mbele ya Mkuu, ndani ya faili la kijani. Sentimita thelathini tu. Kimya, aliambiwa. Dakika tano za kimya, halafu maisha.

"Naomba kusema," alisema.

"Agenda yako ni inayofuata, Dokta. Subiri."

"Ni kuhusu hii." Akasimama, na alivyo mfupi haikuleta tofauti kubwa. "Profesa amekaa darasani kwangu vipindi kumi na viwili, bila mtu kumtuma. Ile ishirini na mbili mliyoisikia, nusu ni yake. Hapa tunaulizana nani kafeli. Nani kasaidiwa, hatujawahi kuulizana hata siku moja. Muhula uliopita nilisimama hapo nikatamani mmoja wenu aniambie hata pole. Mmoja tu. Mimi leo siitazami meza."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na uso wake ulikuwa umekunjika.

"Agenda inayofuata," alisema. "Kuthibitishwa kazini kwa Dokta wa Takwimu. Kanuni inataka apendekezwe." Aliigeuza karatasi kifudifudi. "Mimi sipendekezi. Kuna mwenye pendekezo?"

Katika chumba kile hakuna mtu, isipokuwa Mkuu, aliyewahi kupendekeza chochote. Dokta Mdogo aliogopa: alimwona dada akiinua mguu kwenye pedali, alikiona chumba cha juu na mtu mwingine ndani yake, au bila mtu. Lakini alipojitafuta ndani yake ajue kama anajuta, hakuona majuto. Akabaki amesimama.

"Napendekeza."

Alikuwa Profesa. Hakuwa amekaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Profesa," alisema Mkuu, "wewe umesimama kujieleza."

"Ndiyo. Na maelezo yangu ndiyo haya." Sasa aliutoa mkono kwenye ukingo wa meza. "Nimefundisha miaka ishirini na saba nimejifungia. Huyu binti ndiye wa kwanza kunialika kwake, na nimejifunza kwake kuliko alivyojifunza kwangu. Napendekeza athibitishwe. Na muhula ujao aje akae darasani kwangu, maana nina hamsini na nane na sitaki kuwa nayo peke yangu."

Mkuu aliangalia meza. Haikumsaidia, kama ambavyo haikuwahi kumsaidia mtu.

"Anayeunga mkono?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Dokta wa Aljebra aliinua mkono wake mrefu. Mwanamke aliyefundisha Takwimu kabla ya Dokta Mdogo, mmoja wa wale watatu walioyajua madirisha, aliinua wake huku machozi yakimtoka waziwazi. Kisha mwingine, kisha wawili kwa pamoja.

Kalamu ya Mama Mhuri ilikuwa imesimama juu ya daftari. Kwa miaka kumi na tisa ya kuandika kumbukumbu za vikao vile hakuwahi kupata cha kuandika mahali hapo. "Mkuu," aliuliza, "hawa nawaandika kwa majina?"

Mkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na mikono haikushuka.

"Waandike," alisema.

"Basi mjitaje taratibu," alisema Mama Mhuri, akifungua ukurasa mpya. "Mkono wangu ni mmoja."

Wakaanza kujitaja, kuanzia aliyekaa karibu na mlango.